Ngombezi na Bonde la Ruvu: Nchi, Tarehe na Watu wa Korogwe

Nia ya makala haya ni kueleza kwa ufupi nchi, tarehe na watu wa sehemu moja ya Mkoa wa Tanga ambayo wataalamu wa Kiswahili wameipita mara nyingi wakiwa safarini, lakini ni wachache walioshuka garini wakaitazama. Nayo ni bonde la mto Ruvu, ambao ramani huuita Pangani, pale linapopita katika wilaya ya Korogwe na kupakana na Handeni. Katika bonde hilo nimechagua Ngombezi, mahali penye shamba la mkonge jirani ya mji wa Korogwe, ili pawe kama dirisha la kutazamia yote yaliyobaki. Mwandishi si mwanatarehe kwa kazi yake, bali ni mwalimu wa elimu ya lugha. Hata hivyo nataraji kuonyesha kwamba tarehe ya mahali hapa haitakamilika mpaka maneno ya watu wake yaitwe kushuhudia pamoja na hati za maofisini.

Tuanze na jina lenyewe. Shamba la mkonge huandikwa Ngombezi. Lakini kata ya serikali, iliyo katika Halmashauri ya Mji wa Korogwe, huandikwa Mgombezi. Msemaji wa Kiswahili akisikia mgombezi humdhania mtu, mwenye kugombea jambo. Akisikia ngombezi hudhani ni kitu au kitendo. Sitaki kulifasiri jina hili kwa kubahatisha, kwa maana majina ya mahali yamewapotosha wataalamu wengi waliotaka kuyapata asili yake kwa haraka. Yatosha kuona kwamba mahali pamoja pana majina mawili, moja la karani wa shamba na moja la karani wa serikali, na kwamba wakazi huishi katikati ya maandiko hayo mawili. Jambo hili dogo ni mfano wa jambo kubwa tutakalolieleza, yaani watu wa Ngombezi wamehesabiwa mara nyingi na makarani, lakini hawajaandikiwa tarehe yao wenyewe.

Nchi

Anayetoka Tanga kwenda bara huiacha nchi ya minazi, akapita Muheza, na kulia kwake huona milima ya Usambara ikisimama kama ukuta. Milima hiyo ni mafungu mawili, Usambara ya Mashariki na Usambara ya Magharibi, nayo hutengwa na bonde la mto Luengera. Mto huo huteremka mpaka ukaungana na Ruvu karibu na Korogwe. Ruvu wenyewe hutoka mbali: maji yake ya kwanza ni ya Kilimanjaro na Meru, nayo hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960. Toka hapo mto hushuka kati ya milima ya Upare na mbuga za Wamasai, ukapokea Mkomazi na kisha Luengera, ukaanguka kwa maporomoko penye Hale, na mwisho ukaingia baharini penye mji wa Pangani uliompa jina lake la pili. Nguvu ya maporomoko hayo imetumiwa kupatia umeme, na kituo cha Hale kilianza kazi mwaka 1964.

Mvua za nchi hii ni mbili, masika na vuli. Upepo wa bahari hupiga milima, nayo milima huyazuia mawingu. Kwa hiyo vilele vina misitu na chemchemi, ilhali nyuma yake, upande wa Mombo na Mkomazi, nchi ni kavu. Korogwe ipo katikati ya hali hizo mbili. Kusini mwa mto ndiko Uzigua, yaani Handeni, nchi ya vilima vidogo na nyika, ambako mvua huahidi kuliko inavyotimiza, na ambako tarehe ya njaa ni ndefu kama tarehe ya watawala. Yafaa msomaji akumbuke tofauti hii ya milima yenye maji, bonde lenye mto, na nyika yenye mashaka, kwa kuwa ndiyo iliyowafanya watu wapande na kushuka tangu zamani, na ndiyo iliyoifanya nchi hii ifae kwa mmea mgeni ambao hauogopi ukame.

Wenyeji na lugha zao

Wenyeji wa nchi hii ni Wasambaa milimani, Wabondei upande wa mashariki, Wazigua katika bonde na nyika ya kusini, na kandokando ya mto wenyewe Waruvu, ambao baadhi ya vijiji vyao vya zamani vilijengwa katika visiwa vya mto ili maji yawe boma lao. Lugha zao zi karibu sana. Malcolm Guthrie, alipozigawa lugha za Kibantu kwa herufi na tarakimu, aliweka Kisambaa na Kibondei katika fungu la G.20, akaweka Kizigua na Kingulu katika G.30. Lakini wataalamu waliofuata, hasa Derek Nurse, Gérard Philippson na Thomas Hinnebusch, walizilinganisha upya na kuona kwamba lugha zote nne ni watoto wa mama mmoja, wakaliita kundi hilo Seuta, kwa jina la mtu mashuhuri wa masimulizi ya Wazigua. Kundi hili na kundi la Sabaki, ambalo ndani yake kimo Kiswahili, ni matawi ya mti mmoja wa pwani ya kaskazini-mashariki. Kwa hiyo Kiswahili kilipopanda bonde la Ruvu hakikufika kama mgeni asiye na ndugu.

Katika milima hiyo ulisimama ufalme wa Wakilindi, na mji wake mkuu ulikuwa Vuga. Masimulizi husema kuwa mwanzilishi wake alikuwa Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu. Mfalme wake aliyejulikana kuliko wote, Kimweri ye Nyumbai, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1848 na tena mwaka 1852, na ndiye waliyemwendea Burton na Speke mwaka 1857 kwa njia ya bonde la Pangani. Baada ya kifo chake katika miaka ya 1860 ufalme uligawanyika. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini ya mlima, mahali ambapo misafara ya Pangani hupita, naye alijua kwamba zama zile baruti na nguo zilikuwa na nguvu kuliko kiti cha Vuga.

Habari hizo zote zimo katika kitabu ambacho kila msomaji wa jarida hili hukijua, yaani Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi. Kilichapishwa kwanza kwa sehemu kati ya 1895 na 1907 na Misheni ya Universities, kisha J.W.T. Allen akakitengeneza upya na kikatolewa mwaka 1962. Twaweza kusema bila hofu kwamba bonde hili lilipata tarehe yake kwa Kiswahili mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Mwaka 1954 Anthony Mochiwa naye alitoa Habari za Wazigua. Vitabu hivyo viwili ni hazina. Lakini tuvitazame kwa uangalifu: kimoja ni tarehe ya ukoo wa watawala, na cha pili ni tarehe ya kabila. Aliyezaliwa Ngombezi, ambaye babu yake alitoka Njombe na bibi yake Kibondo, hamwoni mtu wake katika kimoja wala kingine.

Njia na reli

Kabla ya reli palikuwako njia. Misafara ilitoka Pangani, ikafuata mto kwenda Upare, Kilimanjaro na nchi ya Wamasai kutafuta pembe za ndovu, nayo ilirudi pia na watu waliotekwa. Hapana haja ya kuipamba tarehe hiyo. Bonde hili liliuza watu na liliuziwa bunduki, na uhasama uliozaliwa na biashara hiyo ulikuwa bado hai Wajerumani walipofika. Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889, na Bwana Heri wa Saadani aliendelea kupigana hata mwaka 1890. Semboja alikufa mwaka 1895, na mwaka uo huo mwanawe Mputa, mtawala wa Vuga, alinyongwa na Wajerumani.

Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, ikasimama kwa kukosa fedha mpaka serikali ya Ujerumani ilipoichukua mwaka 1899, ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Kwa ujenzi huo Pangani ilipoteza njia yake ya zamani na Tanga ikawa mlango wa bara. Tangu siku hiyo Korogwe haikuwa tena kijiji cha mtoni tu. Ilikuwa mahali ambapo mazao ya mlimani na ya bondeni hukutana na chuma.

Mwaka ule ule wa 1893 ambao reli ilianza, lilitendeka jambo jingine dogo ambalo lingeibadili nchi kuliko reli. Daktari Richard Hindorf, mtumishi wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Asili ya mmea ni Yucatan, katika nchi ya Mexico, nao Wazungu huuita kwa jina la bandari ya huko, Sisal. Miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kabla ya hapo walowezi walikuwa wamejaribu kahawa milimani, ambako haikuwafaa. Baadaye wengi walijaribu mpira, bei yake ikaanguka mwaka 1913. Mkonge ulibaki. Mwaka huo wa 1913 Tanganyika iliuza nje zaidi ya tani 20,000 za singa.

Hapa yafaa tuulize singa hizo zilitakiwa na nani. Tangu mnamo mwaka 1880 wakulima wa ngano wa Marekani, katika wilaya za mashamba makubwa za Kansas, Dakota na majirani zao, walianza kutumia mashine iliyovuna ngano na kuifunga miganda kwa kamba yenyewe. Mashine hiyo ilikula kamba bila kushiba. Yucatan iliwalisha kwanza; Afrika Mashariki iliingia sokoni baadaye, na hasa katika Vita vya Pili, Wajapani walipoziteka Ufilipino na Java mwaka 1942, singa za Tanganyika zikawa silaha. Kwa hiyo kijiji cha Marekani kisichopata kusikia jina la Ngombezi kilikuwa na sehemu katika kuijaza Ngombezi watu. Mtu aandikaye tarehe ya wilaya moja asidhani kuwa mipaka ya wilaya ndiyo mipaka ya sababu zake.

Watu wa mkataba

Mkonge ni mmea usiotaka maji mengi, lakini wataka mikono mingi. Majani hukatwa kwa kisu, moja moja, mwiba wa ncha ukaondolewa, yakafungwa mizigo, yakachukuliwa kiwandani kabla hayajakauka. Wenyeji wa bonde na milima walikuwa na mashamba yao, hawakutaka kuyaacha. Wajerumani waliwalazimisha: katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, tangu mwaka 1907 kila mwanamume alipewa kadi iliyompasa aitimize kwa kufanya kazi siku 30 katika shamba la mlowezi kila miezi minne. Hata hivyo mikono haikutosha, ikatafutwa mbali. Walitangulia Wanyamwezi na Wasukuma. Wakafuata Wabena, Wangoni, Wayao, Wamakonde, Waha, na watu wa Ruanda na Urundi. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliishika Korogwe na kisha Handeni. Bendera ikabadilika, kazi isibadilike.

Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Ofisi hiyo iliweka vituo katika nchi za mbali, kama Njombe, Songea na Kasulu, ikawaleta watu kwa malori na kwa gari moshi. Mwaka 1963 reli ya Tanga iliunganishwa na reli ya kati kwa njia itokayo Mnyusi, katika wilaya ya Korogwe, mpaka Ruvu, nao ni Ruvu wa upande wa Bagamoyo na si huu wetu. Wakati huo Tanganyika ilikuwa ndiyo nchi ya kwanza duniani kwa mkonge. Watu zaidi ya 100,000 walipata kuajiriwa katika mashamba, na mwaka 1964 zilipatikana zaidi ya tani 230,000.

Walioletwa hivyo waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Katika hati za shamba namba ilitangulia jina. Neno hili lilianza kwa karani, likawa tusi midomoni mwa wenyeji, na katika vinywa vya wazee wengine limekuwa hata sifa ya uvumilivu. Maneno mengine ya kazi hiyo yana tarehe ndani yake. Mnyapara, yaani msimamizi wa kundi, ni neno la Kinyamwezi, mnyampara, ambalo zamani lilikuwa cheo cha mzee na kisha cha mkuu wa msafara. Posho ilikuwa chakula cha wapagazi kabla haijawa chakula cha wakata mkonge. Kambi ilikuwa kituo cha msafara kabla haijawa mtaa wa shamba. Kwa ushahidi huo twaona jambo ambalo hati hazilisemi waziwazi: shamba la mkonge, lililodhaniwa kuwa kitu kipya kabisa cha Wazungu, liliendeshwa kwa maneno ya msafara wa pembe, na labda kwa desturi zake pia. Mpagazi alisimama mahali pamoja, mzigo ukawa ndio unaosafiri.

Maneno mengine yalizaliwa palepale. Kipande, ambacho ni neno la kawaida la sehemu ya kitu, kikawa kadi ya siku 30 za kazi. Asiyemaliza kipande hakupata mshahara wake. Korona ni mtambo wa kukamulia majani, uliopewa jina la aina ya mashine iliyotoka Ujerumani, na kwa hiyo jengo lote la kiwanda huitwa korona. Tangu mwaka 2020 watu wengi wamelijua neno hili kwa maana ya maradhi, lakini katika mashamba ya Tanga lilikuwako tangu zamani, nalo lilimaanisha mkate wa kila siku. Mtunga kamusi asiyefika Korogwe ataandika maana moja na kuisahau ya pili.

Lugha ya kambi

Katika kambi moja ziliweza kusikika Kibena, Kiha, Kirundi, Kingoni, Kiyao na Kimakonde. Mnyapara alikuwa mtu wa nchi moja, jirani alikuwa wa nchi nyingine, mke aghalabu alikuwa wa tatu. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Nacho hakikufika kwa njia moja. Kilikuwako bondeni kwa misafara ya pwani. Kilifundishwa na wamisionari wa Magila na Korogwe, waliochapa magazeti na vitabu. Kikatumiwa na akida na karani. Na mwisho kikashika kambini. Wataalamu wetu wamezitazama sana njia tatu za kwanza, na hii ya nne kidogo mno. Lakini ni hii ya nne iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mama kwa watoto wasio na pwani katika nasaba yao. Kwa tajiri Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Kwa wafanyakazi kikawa lugha ya kuoana, kuzikana, na hatimaye kudai haki. Mwaka 1958 wafanyakazi wa shamba la Mazinde, mahali palepale alipokaa Semboja, waligoma kwa muda mrefu, na maneno yao ya chama, kama mgomo, haki na umoja, yalikuwa ya Kiswahili, kwa kuwa hapakuwa na lugha nyingine ambayo Mbena na Muha wangeweza kuahidiana.

Nimetaja kuzikana. Mtu akifa mbali na kwao, nani atamwosha na kumchimbia kaburi? Jibu la kambi lilikuwa utani. Jambo hili lilimvuta hata mtaalamu wa ndege, R.E. Moreau, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara ya Mashariki. Mwaka 1941 alichapisha makala juu ya utani wa makabila ya Tanganyika, akionyesha jinsi makabila ya mbalimbali yalivyofungamana kwa mzaha na kwa wajibu. Mtani ana ruhusa ya kutukana, lakini ana deni la kuzika. Makabila yaliyopigana zamani, au yaliyojuana kwa njia ya misafara, yalijikuta jirani kambini, yakafufua utani wao ukawa kama udugu. Basi makaburi ya mashambani si alama ya upweke tu. Kila kaburi lilichimbwa na mtu aliyekubali kuwa ndugu wa asiye wa damu yake.

Hesabu ya watu

Mwaka 2002 wilaya ya Korogwe ilikuwa na watu 261,004. Mwaka 2012, ambapo mji ulihesabiwa mbali na wilaya, wilaya ilikuwa na watu 242,038 na mji 68,308, yaani jumla 310,346. Katika Mkoa wote wa Tanga watu walikuwa 2,045,205 mwaka huo wa 2012, na mwaka 2022 walifika 2,615,597. Tarakimu hizi zaonyesha kwamba watu wanaongezeka, lakini hazisemi ni watu gani. Hesabu ya mwaka 1967 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuuliza kabila. Uamuzi wa kuacha swali hilo ulikuwa wa hekima kwa taifa linalojengwa, nami siutaki urudishwe. Lakini tujue gharama yake kwa mwanatarehe: tangu hapo habari ya nani alitoka wapi imebaki katika vinywa vya wazee tu, na vinywa hivyo vinafungwa mmoja mmoja.

Mtu anaweza kuuliza: watu hawa waliopoteza lugha za babu zao, je, hawakupoteza asili? Wahenga wamesema, mwacha asili ni mtumwa. Ili kulijibu swali hili naomba msomaji avuke nami mto mpaka Handeni, ambako pana jambo la kulinganisha. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakati wa njaa, Wazigua wengi walichukuliwa kwa majahazi wakauzwa Somalia kufanya kazi mashambani. Wengine walitoroka, wakiongozwa, kwa masimulizi yao, na mwanamke aitwaye Wanakhucha, wakakaa katika misitu ya mto Juba. Huko walikaa zaidi ya miaka 150, wakaitwa Wamushunguli, wakasilimu, lakini Kizigua hawakukiacha. Vita vya mwaka 1991 vilipozuka Somalia, baadhi yao walikimbilia Tanzania, wakapokewa Handeni, kwanza Mkuyu kisha Chogo, nao waliweza kusema na wenyeji kwa lugha ya babu zao. Wengine, waliokimbilia Kenya, walihamishiwa Marekani tangu miaka ya 2003 na 2004, na lugha hiyo ikafika nao huko.

Hapa pana fumbo kwa mwanaisimu. Wazigua wa Juba waliihifadhi lugha yao karne moja na nusu. Wana wa manamba waliziacha zao katika vizazi viwili au vitatu. Wote waliondolewa kwao, wote walifanya kazi ngumu ya shamba la mtu mwingine. Tofauti ni nini? Nadhani tofauti haimo katika mapenzi ya mtu kwa asili yake, bali katika mlango wa nyumba aliyofikia. Kule Juba Wazigua walikuwa wengi wa lugha moja, na jamii iliyowazunguka iliwadharau na kuwafungia mlango. Lugha ikawa ukuta wao na heshima yao. Ngombezi watu walikuwa wachache wachache wa lugha nyingi, na mbele yao palikuwa na lugha ambayo haikuwa ya bwana wala ya kabila moja, tena ilikuwa ndugu wa lugha zao zote. Waliingia kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Haukuwa utumwa, ila namna ya kutoka katika namba na kurudi katika jina. Methali yetu basi yafaa isomwe kwa uangalifu, kwa maana mtu anaweza kuweka asili mpya bila kuikana ya zamani.

Mwezi wa Oktoba 1967 serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Lakini bei ilikuwa imeanza kuanguka, kwa kuwa kamba za plastiki zilikuwa zikizishinda singa sokoni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mazao ya nchi nzima yalikuwa yameshuka karibu na tani 20,000, yaani kiasi kile kile cha mwaka 1913. Mashamba mengi yaliota pori, na kambi zikabaki na watu wasio na kazi wala kwa kurudi. Mwaka 1999 ulianzishwa mpango wa kuwagawia wakulima wadogo sehemu za mashamba matano ya Korogwe na jirani zake, yaani Ngombezi, Magunga, Mwelya, Hale na Magoma, ili walime mkonge kwa faida yao wenyewe. Hivyo mjukuu wa manamba aliweza kupanda mkonge wake katika udongo ambao babu yake aliukatia kipande.

Hapo ndipo tarehe inapokuwa jambo la leo. Mtu akidai ardhi huulizwa, wewe ni nani hapa? Msambaa atajibu kwa ukoo, Mzigua kwa kijiji cha babu. Mtu wa kambi atajibu kwa nini, ikiwa vitabu vya wilaya vyamtaja kwa namba tu, katika safu ya wafanyakazi wa mkataba waliotarajiwa kurudi kwao? Jibu lake limo katika kaburi alilochimbiwa babu yake na mtani, na katika Kiswahili ambacho mama yake alikitia kinywani mwake. Ni jibu la haki, lakini jibu lisiloandikwa hushindwa kirahisi na hati.

Kwa hiyo napendekeza kwa wenzangu kazi tatu. Kwanza, maneno ya mkonge yakusanywe kambini, toka kisu hata robota, na yaingizwe katika kamusi pamoja na mahali yalipotoka. Pili, masimulizi ya wazee walioletwa, na ya wake zao ambao hawakupewa hata namba, yanaswe kwa sauti na kuandikwa kwa Kiswahili chao wenyewe, bila kusahihishwa kiwe cha vitabuni. Tatu, majina ya kambi, mitaa na makaburi yaandikwe kama yanavyotamkwa, na hapo labda hata mabishano ya Ngombezi na Mgombezi yatapata mwamuzi. Kazi hizi hazitaki fedha nyingi. Zataka watu wachache wenye subira, watakaoshuka Korogwe wakakaa, badala ya kupita. Abdallah bin Hemedi alilifanyia hilo kizazi cha Wakilindi wakati mashahidi wake walipokuwa hai. Mashahidi wa kambi wako hai bado, ingawa si wengi, na si kwa muda mrefu.